Kabla Mkweche Haujakatwa: Kuchora Magari ya Zamani kwa Kompyuta



Msafiri anayetoka Kigoma mjini kwenda Kasulu au Uvinza hupita Kidahwe, mahali barabara zinapogawana. Leo hapo pana lami na magari hupita kwa kasi. Wazee wa Kidahwe wanakumbuka wakati ambapo gari lilisikika kabla halijaonekana, likapanda mlima kwa gia ndogo huku vumbi likitangulia, na watoto wakabishana kwa kusikia mlio tu kama ni Land Rover, Bedford au Peugeot. Magari hayo mengi hayapo tena barabarani. Yaliyobaki yamelala chini ya miembe na michikichi, nyuma ya maghala na nyuma ya nyumba za parokia, yakimsubiri mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake.

Kamati moja ya parokia katika ukanda huu ilijikuta siku moja ina ajenda mbili zinazofanana kuliko ilivyodhani. Ya kwanza ilikuwa bei iliyotolewa na mnunuzi wa chuma kwa gofu la Land Rover ambalo halijatembea kwa miaka mingi. Ya pili ilikuwa barua ya vijana wakiomba kompyuta moja, ili wachore magari ya zamani na kuuza picha zake. Ajenda ya kwanza ilipita haraka. Ya pili ilizua mabishano, maana mwanakamati mmoja alisema wazi kwamba huo ni mchezo wa watoto, na fedha za wahisani si za kuchezea. Niliombwa nieleze sanaa hiyo ni kitu gani. Haya ni maelezo niliyotoa, pamoja na yale niliyojifunza baadaye, kwa sababu maombi ya namna hii yataendelea kufika kwenye meza zenu.

Nani anachora, mtu au kompyuta?

Swali hili huulizwa kwanza kila mahali. Jibu ni kwamba mtu ndiye anayechora. Kompyuta ni kama ubao, brashi na makopo ya rangi vilivyokusanywa mahali pamoja. Mchoraji huongoza mstari kwa kipanya, kwa kalamu maalumu au kwa kidole kwenye kishikwambi, naye ndiye anayeamua nini kibaki na nini kiondolewe.

Zipo picha za aina mbili, na mwanakamati akizielewa hizo ataweza kusoma ombi lolote la vijana bila kubabaishwa. Aina ya kwanza hujengwa kwa nukta ndogo sana za rangi ziitwazo pikseli, kama mkeka unaosukwa kwa ukili. Picha ya simu ni ya aina hii. Ukiikuza kupita kiasi utaanza kuziona hizo nukta, na picha inachakaa mbele ya macho yako. Aina ya pili huitwa vekta. Hapa kompyuta haikumbuki nukta bali hukumbuka maelekezo: anzia hapa, pinda kiasi hiki, malizia pale, jaza kijani. Picha ya vekta unaweza kuichapa kwenye kadi ya mkononi au kwenye bango la ukutani, nayo haipotezi ukali. Michoro ya magari ya zamani mnayoiona kwenye fulana na kalenda kwa kawaida huchorwa kwa njia hii ya pili.

Programu za kazi hiyo zipo za bure, tena halali. Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya vekta. GIMP na Krita ni za picha za nukta. Kikundi kinachoanza hakihitaji kulipia programu yoyote, na ombi lenye fungu kubwa la kununua programu linastahili kuulizwa maswali.

Kwa nini magari ya zamani?

Tuseme ukweli, watu wanayapenda. Nchini Kenya msanii Dennis Muraguri amejijengea jina kwa picha za matatu anazozichonga kwenye mbao na kuzichapa kwenye karatasi. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliacha kumbukumbu kubwa kiasi kwamba tangu 2003 yapo mashindano ya pekee ya magari ya kizamani ya rali hiyo. Hapa kwetu, Oktoba 2024, mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na watu wakajipanga barabarani kuyatazama magari ambayo babu zao waliyasukuma yalipokwama kwenye matope.

Kigoma nayo ina hazina yake, hatuna haja ya kuazima ya Arusha. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani bado linatazama ziwa. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa na kuunganishwa Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tazameni ubavu wake na safu zile za ribiti zilizopangwa kama vifungo vya koti. Mchoraji anayetaka kujifunza sura ya chuma cha kale hana haja ya kwenda kutafuta vitabu mbali.

Na Land Rover ina historia yake hapa. Julai 1960 marehemu Jane Goodall alifika Kigoma pamoja na mama yake, akielekea Gombe, baada ya safari ndefu kutoka Nairobi katika Land Rover iliyosheheni mizigo, ikiendeshwa na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt. Walikuta mji umejaa watu waliokimbia machafuko ya Kongo, iliyokuwa imepata uhuru wiki chache tu kabla. Tangu hapo hadi miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipopita njia hizi kwa maelfu, magari ya namna hiyo ndiyo yaliyobeba wagonjwa, unga, waganga na barua. Ndiyo maana nilisema ajenda zile mbili zinafanana. Gofu linalouzwa kwa kilo na picha inayoombewa kompyuta ni kitu kimoja.

Taa zikihama, gari limebadilika

Hapa ndipo ningependa wanakamati wakae kidogo, maana ndipo kazi nzuri inapotengana na mapambo tu.

Vijana wale walikuwa tayari wameanza kuchora kwenye simu. Walichora Land Rover ya kijani, nzuri kwa macho, wakampelekea mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee akaishika simu mbali na macho, kama wazee wafanyavyo, akaitazama.

“Mwanangu, gari hili ni la nani?”

“Ni lile la parokia, Babu.”

“Hapana. Lile la parokia taa zake zilikuwa katikati, huku ndani. Hizi mmezipeleka kwenye madigadi. Hili ni gari la watu wengine.”

Mzee alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Kwa miaka mingi taa zake za mbele zilikaa karibu karibu katikati, kwenye shoo, yaani ule wavu unaokinga rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamishiwa nje, kwenye madigadi. Toleo la tatu lililokuja 1971 likaleta shoo ya plastiki badala ya ile ya waya wa chuma, ambayo madereva wengi waliwahi kuigeuza kuwa jiko la kuchomea nyama. Kwa hiyo anayejua magari haya akiona tu taa na shoo, anajua umri wa gari kama mfugaji anavyojua umri wa ng’ombe kwa meno.

Urefu nao una maana. Land Rover fupi ilipimwa inchi 88 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, yaani sentimita 224 hivi. Ndefu, ile maarufu 109, ni sentimita 277 hivi. Kipimo hiki ni zawadi kwa mchoraji. Akijua umbali wa magurudumu, anaweza kupima kila kitu kingine kwenye picha: urefu wa mlango, kimo cha kioo, ukubwa wa tairi.

Ipo pia sababu ya gari hili kumfaa anayeanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, mabati yaliyo bapa na yanayokunjwa kwa urahisi. Mstari mnyofu, kona, mstari mnyofu. Bawaba za milango ziko nje, zinaonekana. Kijana aliyejifunza kuchora mstari kwa wiki moja anaweza kulipata umbo lake. Ajaribu Peugeot 404, gari la 1960 lililosanifiwa na Pininfarina, lenye mapezi nyuma na ubavu unaopinda taratibu kama mtumbwi, ndipo atajua hajui. Peugeot hiyo, kwa taarifa yenu, ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960.

Aluminiamu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini magofu mengi bado yana sura. Bodi haishiki kutu, kinacholiwa ni chasisi ya chuma iliyo chini yake. Na mnunuzi wa chakavu anajua vizuri kwamba aluminiamu ina bei kuliko chuma. Kamati inayouza gofu zima kwa bei ya chuma imepunjwa.

Picha kwanza, kabla ya mizani

Hatua ya kwanza ya kazi haihitaji kompyuta kabisa. Inahitaji simu yenye kamera, utepe wa kupimia na asubuhi yenye mwanga mpole. Jua la saa sita hutengeneza vivuli vyeusi vinavyoficha mistari.

Ondoeni nyasi na matambara. Pigeni ubavu mzima, mbele, nyuma, kisha kila kona. Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kusimama karibu sana. Ukisimama karibu, tairi la mbele huvimba na la nyuma husinyaa, na mchoro utakaotokana na picha hiyo utakuwa na gari lenye pua kubwa. Rudi nyuma hatua nane au kumi, halafu vuta picha kidogo kwa kamera. Kamera iwe usawa wa kitasa cha mlango. Wekeni utepe au fimbo ya mita moja karibu na gari ili vipimo visipotee. Baada ya hapo ndipo mkaribie: kitasa, usukani, dashibodi, mshono wa viti, maandishi yoyote ya rangi yaliyobaki mlangoni.

Maandishi hayo msiyadharau. Herufi zilizochorwa kwa mkono na mafundi wa mabango, kwenye milango ya malori na juu ya vioo vya mabasi, ni usanifu wa zamani sawa na gari lenyewe. Mchoraji anaweza kuzifuatisha na kuzitumia tena, na zitampa picha sura ya hapa kwetu kuliko aina yoyote ya herufi iliyomo kwenye kompyuta.

Kisha andikeni majina na miaka mnayoelezwa na wazee, siku hiyohiyo. Picha bila maelezo, baada ya miaka kumi, ni picha ya mkweche tu.

Kwenye kompyuta, picha huwekwa tabaka la chini na kufifishwa nusu. Juu yake huongezwa tabaka jingine tupu, na hapo ndipo mstari hupitishwa. Anayeanza huweka vituo vingi mno kwenye mstari mmoja, ukatoka unatetemeka. Tao la madigadi linahitaji vituo vitatu au vinne tu. Kila sehemu hupewa tabaka lake: bodi, vioo, magurudumu, vivuli. Hivyo gari likitakiwa liwe la bluu badala ya kijani, ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu rangi, ushauri wangu ni kutoka nje na kutazama. Kijani kilichopauka kwa jua, wekundu wa vumbi la barabara ya Kasulu kabla ya lami, rangi ya mawese yanapomiminwa, fedha ya dagaa walioanikwa mchangani, bluu ya ziwa saa kumi jioni. Rangi tano au sita zinatosha mchoro mzima. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na kutoka kwenye makopo hayo machache jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Pale nilipokosea mimi

Nilisaidia kikundi kimoja kuchapa fulana. Mchoro ulikuwa mzuri kwenye kioo cha simu. Niliutuma kwa njia ya ujumbe wa simu, ambayo huzibana picha ili zipite haraka, na sikuuliza zaidi. Fulana zilirudi zikiwa na gari lenye ukungu, kama limetazamwa kupitia chandarua. Hatukuuza hata moja kwa bei tuliyotarajia. Mchapaji hakuwa na kosa, alichapa alichopewa.

Kanuni ni hii. Kuchapa vizuri kunahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 inahitaji picha yenye pikseli 2,480 kwa 3,508, na A3 inahitaji 3,508 kwa 4,961. Ukiwa na vekta, mpe mchapaji faili lenyewe kwenye flashi. Tena mjue kwamba kioo hutoa mwanga na wino hautoi. Bluu inayong’aa kwenye simu hufifia kwenye karatasi, kwa hiyo dai nakala moja ya majaribio kabla ya kuagiza mia.

Sheria na soko

Mchoro wa kijana ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kazi inaweza kusajiliwa COSOTA. Kamati ziandike mapema, kwa maneno mepesi, ni nani anamiliki michoro iliyofanywa kwa kompyuta ya parokia na mapato yanagawanywaje. Ugomvi ninaoujua mimi ulianza pale kalenda zilipoanza kuuzika. Kabla ya hapo wote walikuwa ndugu.

Vilevile mlinde haki za wengine. Kufuatisha picha iliyopigwa na mtu mwingine bila ruhusa yake si halali kwa sababu tu imepatikana kwenye intaneti. Nembo za makampuni ya magari ni alama za biashara, hivyo msiziweke kwenye bidhaa za kuuza. Ondoeni pia namba za usajili za magari ya watu.

Soko lipo, ila ni dogo, na ninawaomba wahisani wasiandike kwenye taarifa zao kwamba vijana watajikimu kwa magari ya kuchora. Kalenda, kadi, fulana, picha za kuta za nyumba za wageni, vibandiko vya vyama vya madereva, zawadi kwa watalii wanaopita Kigoma kwenda Gombe: hivyo ndivyo vinavyouzika, na si kila mwezi. Faida ya kudumu iko kwenye ufundi. Aliyejifunza kuchora Land Rover kwa vekta anaweza kuchora bango la duka, nembo ya ushirika wa mawese na lebo ya chupa ya asali. Kazi hizo hutafutwa mwaka mzima, na kwa sasa nyingi hupelekwa mbali.

Wengine huuliza kwa nini vijana wajisumbue, ikiwa siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazotoa picha kwa kuandikiwa sentensi moja. Nilijaribu. Niliomba Land Rover ya zamani ya Kigoma, nikaletewa gari lenye usukani kushoto na taa za matoleo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Yule mzee angelikataa kabla hajalishika.

Mnapoletewa ombi

Kompyuta mpakato moja ya kawaida, hata iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, inatosha kikundi cha watu wanne au watano wanaopangiana zamu. Kipanya ni bei ndogo na ni lazima. Kishikwambi kinaweza kusubiri. Muhimu zaidi kuliko vyote hivyo ni diski ya pili ya kuhifadhia nakala. Ulizeni nani atafundisha, kwa muda gani, na kompyuta italala wapi usiku. Ulizeni pia kama vijana wameshapiga picha na kuzungumza na wazee, maana hilo wanaweza kulifanya leo bila fedha ya mtu yeyote, na ndilo litakalowaonyesha kama wana nia.

Kamati ile niliyoitaja mwanzoni ilimwomba mnunuzi wa chuma asubiri wiki mbili. Vijana wakafyeka nyasi, wakapima, wakapiga picha kila upande, na mzee akaletwa kwa pikipiki kuja kuonyesha mahali machela ilipokuwa ikifungwa. Gofu liliuzwa, aluminiamu ikipimwa peke yake kwa bei yake. Shoo ya waya na mlango wa dereva havikuuzwa. Ombi la kompyuta liko kwenye ajenda ya kikao kijacho, likiwa limeambatanishwa na mchoro mpya. Taa ziko katikati.